Lubiri siku hizi watu wanapiga selfi

Wa Kisenyi na Mengo wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Ukuta wa Lubiri, kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda, hapo Kampala, ulikuwa hautazamwi. Ukiukaribia unavuka barabara, unapita upande wa pili macho mbele, na mpira ukirukia ndani umeshakuwa mali ya serikali. Hakuna aliyethubutu kwenda kuuomba. Niliondoka 1984, na kichwani mwangu askari hawakuwahi kuondoka pale.

Juzi mpwa wangu ananiambia, "Mjomba, twende Lubiri tukapige picha." Nikadhani ananitania. Kwamba jeshi la Rais Obote, Amin akiliongoza, liliivamia kasri Mei 1966, Kabaka Mutesa akakimbia akafia London 1969, pakawa kambi, kisha ufalme ukarudishwa 1993, hayo yote nilikuwa nayajua. Hata Bulange, jengo la bunge la Buganda lililofanywa makao makuu ya jeshi enzi zile, najua imerudi kwa Buganda. Ila kusoma ukiwa Birmingham si kusimama Wankaaki, lango kuu la kasri, ukinunua tiketi. Tiketi! Pale watu walipoingizwa bure wasitoke.

Kilichonikaa rohoni ni handaki. Lilikuwa ghala la silaha la enzi za Amin: zege tupu, vyumba vya giza mfululizo, likageuzwa pa kutesea na kuulia. Kwenye njia ya kuingilia walijaza maji wakayatia umeme, anayejaribu kutoka asifike. Kijana anayetembeza wageni anaijua habari hiyo vizuri mno. Anajua wapi anyamaze, wapi ashushe sauti, wapi wageni watacheka. Aliposikia Kiswahili changu akaniuliza kama natoka Mombasa. Mimi, wa Kisenyi hapo chini!

Mbele yetu vijana wawili walikuwa wakibishana nani asimame ukutani penye maandishi ya mkaa, yale yanayosemwa ni ya wafungwa. Mmoja akainua vidole viwili, akatabasamu. Nilitaka kumzaba kofi. Sisi kwa umri wake tulikuwa tunanyamaza tukisikia lori linabadilisha gia. Kabla sijasema neno akaninyoshea simu: "Mzee, tusaidie, mkono haufiki." Nikawapiga picha. Walipoikataa ile ya kwanza, giza limezidi, nikawapiga nyingine. Mpwa wangu akacheka mpaka akashika ukuta, nami nikamwambia autoe mkono pale, kwa ukali ambao yeye hakuuelewa na mimi sikuutaka.

Mkienda, Twekobe, jumba lenyewe la Kabaka, mtaitazama kwa nje tu, ndani haingiwi. Mvua ikinyesha njia ya handakini ni tope, msivae viatu vya harusini. Mkiwa na mzee wa zamani zile, mwacheni juu kwenye majani, kuna kivuli. Asiyetaka historia angoje Desemba 31, kuna Enkuuka, tamasha la kufunga mwaka, muziki na umati. Aprili ni mbio za siku ya kuzaliwa kwa Kabaka. Mpwa ameshaninunulia fulana bila kuniuliza, saizi ya mtu mnene. Goti la kulia bado halijakubali.