Nyanya zangu za Pasua zilivyoanza kuwa nyeusi kitako

Hii ilikuwa 2016, nakaa Pasua, Moshi, na Desemba nilikuwa nimepanda miche ishirini ya nyanya aina ya Roma nyuma ya nyumba, nimeisimikia fito na nimeifunga na kamba za mgomba, kila jioni nikitoka job lazima nipite kwanza huko kabla hata ya kuvua viatu. Januari mwishoni matunda yameshajaa, bado ya kijani, nikashika moja nikaligeuza, yesu wangu, chini jeusi, limebonyea, gumu kama kipande cha ngozi ya kiatu. Nikageuza lingine, hivohivo. Niliumia sana jamani.

Duka la pembejeo nikaambiwa ni ukungu, nikauziwa dawa, nikapiga mara mbili, wapi. Majani yenyewe yalikuwa mazima kabisa, hiyo ingenishtua mapema ila akili yote ilikuwa kwenye matunda.

Jumapili moja shangazi akashuka kutoka Kibosho. Nikamwamkia, nikampeleka bustanini, hakuuliza dawa gani, akachuchumaa akachomeka kidole kwenye udongo wa shina. "Mwanangu, hii unamwagilia saa ngapi?" Nikamwambia maji yanakuja kwa mgao, yakitoka namwaga ndoo mpaka kunatota, yasipotoka hata siku nne napumzika. Akanishika mkono akanichomekea kidole changu palepale, juu unyevunyevu, ukifika kifundo cha pili ni vumbi, na lile jua la Moshi la Januari mnalijua.

Akasema huu sio ugonjwa wa kuambukiza, tunda linakosa kalsiamu, na kalsiamu inapanda na maji, kwahiyo leo mafuriko kesho ukame hata kama udongo unayo haifiki kule mwisho kitakoni. Tukachuma yote yaliyoharibika ili mmea usihangaike nayo, tukatandaza majani makavu ya mgomba kwenye mashina, na nikanunua pipa la kuhifadhi maji ya mgao ili kila shina lipate kidogo kila asubuhi, chini, sio juu ya majani.

Mashada yaliyofuata yakatoka safi. Mwanzoni mwa Machi nikapanda Kibosho na ndoo ya lita kumi imejaa, nikamkuta jikoni, hata shikamoo hajaitikia ameshachukua moja anaigeuza kitako juu, anaipitisha kidole. Ndo akasema marahaba, akaomba chumvi.