Babu kapenda mkarafuu: nilivyosomesha usugu na ukali wa kifua kikuu

Kwa miaka mingi nikiwadanganya wanafunzi wangu bila kujua. Tukifika mada ya kifua kikuu nasema: "Mgonjwa akiacha dawa njiani, vimelea huizoea." Sentensi tamu, inaingia haraka, na si kweli. Kimelea hakizoei dawa kama mtu anavyozoea pilipili.

Nasomesha bayolojia Wete, skuli ya sekondari. Mwaka jana msichana mmoja akaniuliza: "Mwalimu, ami yangu kapewa vidonge vya miezi sita. Kama wadudu huzoea, si wangeshazoea mwezi wa pili?" Nikababaika, kengele ikaniokoa.

Wiki iliyofuata niliandika vikaratasi sita, kimoja kwa kila safu: "Babu kapanda mkarafuu." Wa mbele anakili mbio mbio, ampe wa nyuma nakala yake, na huyo hivyo hivyo mpaka mwisho. Wengi walinakili sawa. Mmoja kaandika "Bbu kpnda". Nikamwambia kimelea chake kimekufa, darasa likacheka. Lakini safu ya dirishani, kuanzia dawati la nne hadi nyuma, wote waliandika "Babu kapenda mkarafuu".

Hapo ndipo nikatangaza dawa: kila mwenye "kapanda" aketi. Wakabaki wamesimama wa dirishani tu. Yule wa dawati la nne akalalamika: "Mie nilikosea kabla hujaitaja dawa!"

Nilitamani kumkumbatia. Ndiyo somo lenyewe. Kosa hutangulia, kwa bahati tu, kimelea kinaponakili DNA yake yenye herufi kama milioni 4.4, dawa huja kuchagua. Herufi moja ikibadilika kwenye jeni iitwayo rpoB, rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hukosa pa kushika. Na kimelea hiki ni kama hakipokei jeni kwa majirani kama bakteria wengi wafanyavyo: ukoo unarithi makosa yake tu, kama ile safu ya dirishani.

Kijana mmoja akataka kujua kama kimelea sugu ndicho kikali zaidi. Swali zuri, kwani hata watu wazima huchanganya. Usugu ni kustahimili dawa. Ukali ni uwezo wa kuudhuru mwili. Mara nyingi kosa la rpoB hukigharimu kimelea: pasipo dawa huzaana polepole kuliko wenziwe, mpaka litokee kosa jingine, mathalan kwenye jeni ya rpoC, la kurudisha nguvu. Na "babu kapenda" nayo inasomeka, ila inachekesha kidogo.

Kwa ukali niliwapa mfano wa vimelea ndugu wawili wa maabara, H37Rv na H37Ra, waliotokana na makohozi ya mgonjwa mmoja wa Marekani mwaka 1905. Wa kwanza mkali, wa pili dhaifu. Miongoni mwa tofauti zao ni herufi moja kwenye phoP, jeni inayoamrisha jeni nyingine nyingi. Ukimvuruga nahodha, mabaharia watapiga makasia vipi?

Kisha nikawaambia waguse bega la kulia. Wavulana wakakunja mikono, wasichana wakapapasa juu ya nguo. Kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu iliyotokana na kimelea hai kilichodhoofishwa. Wanasayansi wawili, Calmette na Guérin, kule Lille, Ufaransa, walianza mwaka 1908 kumhamisha kimelea wa ng'ombe, ndugu wa huyu wetu, kutoka kipande cha kiazi mbatata kilicholowa nyongo hadi kingine, takriban mara 230, mpaka 1921. Juu ya kiazi hakuna kinga ya mwili ya kupigana nayo, basi silaha zikipotea hakuna hasara. Kipande kizima cha DNA, RD1, kikapotea, nacho ndicho kilichobeba sehemu ya zana za kushambulia seli zetu. Nadhani ni kiazi chenye faida kuliko vyote duniani, ingawa sijui nani angekila.

Siku ya pili msichana wa ami akarudi. Ami kauliza: je, na ndani ya kifua chake wamo waliokosea kabla? Nikamwambia yumkini wamo, ndiyo sababu ya dawa nne kwa pamoja ile miezi miwili ya mwanzo. Wa kuishinda isoniazidi, mojawapo ya hizo nne, ni takriban mmoja katika milioni. Wa kuishinda rifampisini, mmoja katika milioni mia. Wa kuzishinda zote mbili kwa mpigo? Akazidisha, akahesabu sifuri kwa kidole juu ya meza yangu, akazipata 14.