Nusu ya Wangapi? Fomu S na Kamati ya Ustawi, Kisumu 2009

Mwaka wa 2009 nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja cha minofu ya mbuta (sangara) mjini Kisumu. Ugomvi kati ya chama cha wafanyakazi na kampuni uliishia mezani kwangu, kwa kuwa ugomvi wa namna hiyo huamuliwa na daftari la mishahara. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi, iliyoanza kutumika Oktoba 2008, kinamtaka mwajiri akitambue, yaani akubali kujadiliana nacho kwa niaba ya wafanyakazi, chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga nacho. Swali ni moja tu: nusu ya wangapi?

Barua ya chama ya kuomba kutambuliwa ilikuja na Fomu S 283 zilizotiwa sahihi. Fomu S ni karatasi ambayo mfanyakazi anakubali ada ya chama ikatwe kwenye mshahara wake, na mwajiri akishaipokea, agizo la Waziri likiwapo, ana siku 30 za kuanza kukata. Sahihi nyingi zilikusanywa mtaa wa Obunga, kwa akina mama wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishatolewa. Afisa wa chama alikuwa haruhusiwi kupita getini, basi akawangoja watu wa zamu huko huko wanakonunua kitoweo.

Barua haijamaliza wiki, tangazo likabandikwa karibu na saa ya kugongea kadi: kampuni inaunda kamati ya ustawi wa wafanyakazi. Wakati wenyewe ulitosha kumfungua mtu macho. Kiwanda kilikuwa kimefanya kazi miaka bila kamati yoyote, halafu kamati ikahitajika haraka mara tu chama kilipobisha hodi. Majina ya wagombea yalitoka ofisi ya utumishi ya kampuni. Kura ilipigwa kantini kwa kunyoosha mikono, meneja wa uzalishaji akiwa amesimama mbele anaangalia mikono ya nani iko chini. Kumbukumbu za mkutano ziliandikwa na karani wa ofisi hiyo hiyo. Wajumbe walipewa muda wa mikutano wenye malipo, soda na samosa. Nami nikaagizwa kuongeza safu mpya kwenye daftari: mchango wa ustawi, shilingi 100 kwa kila mtu. Ile ya ada ya chama niliambiwa isubiri.

Kamati haikukaa bure. Ilileta gumbuti mpya, sabuni, na karatasi iliyoitwa makubaliano yenye nyongeza ya shilingi 300 kwa mwezi. Watu walifurahi, na sioni sababu ya kuwalaumu, maana aliyekata minofu kwenye maji ya barafu tangu alfajiri na gumbuti lililotoboka anajua thamani ya jipya. Ila karatasi ile haikuwa na nguvu yoyote. Mkataba wa pamoja hufungwa kati ya mwajiri na chama kilichosajiliwa, na huanza kumbana mwajiri ukishasajiliwa na Mahakama ya Viwanda, ambayo leo inaitwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kamati haikuwa chama, na Msajili wa vyama vya wafanyakazi hakuwa na habari nayo. Kampuni ingeifuta nyongeza ile wakati wowote, na kamati isingekuwa na mahali pa kushtaki. Hata pesa za nauli ya kwenda kushtaki zingetoka kwa meneja.

Ujanja huu si wa Kisumu. Kule Colorado, Marekani, kampuni ya akina Rockefeller iliweka mpango wa wawakilishi wa wafanyakazi mwaka wa 1915, baada ya mauaji ya wachimba makaa waliogoma huko Ludlow mwaka wa 1914, na vyama vya aina hiyo vikaenea mpaka sheria ya 1935 ilipovipiga marufuku. Mkataba nambari 98 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1964, nao unamkataza mwajiri kuanzisha au kufadhili chama ili akiweke mkononi mwake.

Kampuni ilipokataa kutia sahihi makubaliano ya utambuzi, chama kilipeleka mgogoro kwa Waziri, na mpatanishi akateuliwa kutoka ofisi ya leba. Alikuja asubuhi moja akaomba vitu vitatu: daftari la mishahara la miezi mitatu, fomu zote, na barua za watu waliojitoa.

Orodha ya kampuni ilikuwa na majina 520. Nusu yake ni 260, kwa hiyo chama kilihitaji 261. Kikiwa na fomu 283 kingepita, lakini kampuni ilikuwa imeziondoa 96 kwa madai kwamba ni za vibarua, na kibarua si mwajiriwa. Zikabaki 187. Mpatanishi akapitisha kalamu kwenye ile orodha ya 520, akakuta vibarua 140 wamo ndani.

"Bwana meneja," akasema, "hawa nimewakuta kwenye orodha yako ya jumla, ile unayoitafutia nusu. Kwenye fomu unasema hawapo. Chagua moja: waingie pande zote mbili au watoke pande zote mbili."

Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Akatoa kwanza majina 70 ya wasimamizi wenye mamlaka ya kuajiri na kufukuza, mameneja, na makarani wa siri za ofisi, ambao kwa desturi ya mahusiano ya kazi nchini hawaingii chama cha watu wa chini yao. Wakabaki 450: wa kudumu 310 na vibarua 140. Daftari langu lilionyesha vibarua wale wamelipwa mfululizo kwa zaidi ya miezi mitatu, na kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinamhesabu kibarua wa namna hiyo kuwa mwajiriwa wa mwezi.

Zikabaki barua 46 za kujitoa. Mtu ana haki ya kujitoa, kwa maandishi, na mwajiri anapaswa kukipelekea chama nakala. Hizi hazikuwa zimepelekwa. Zote zilichapwa kwa mashine moja, kwa tarehe moja, na kila moja ilikuwa na "ninajiondowa" yenye w ile ile. Tulipozilinganisha na fomu, tisa zilikuwa za watu ambao hawajawahi kutia sahihi Fomu S: walijitoa kwenye chama wasichojiunga nacho. Mbili ziliwekwa sahihi za akina mama waliokuwa likizo ya uzazi siku hiyo. Sitasema nani aliyeketi kwenye ile mashine, ingawa kiwanda kizima kilijua.

Mpatanishi aliomba chumba kisicho na msimamizi, akawaita mmoja mmoja wale 37 waliobaki, wa likizo wakaitwa kutoka nyumbani. Kila aliyeingia aliulizwa swali moja na kutia sahihi mbele yake. Wanane walisema wametoka kweli, wakaandikwa hivyo. Wengine 29 walisema wangali wanachama, baadhi wakieleza kwamba barua waliipewa pamoja na mfuko wa sabuni.

Kwa wafanyakazi wa kudumu pekee, chama kilikuwa na 179 kati ya 310. Pamoja na vibarua, 275 kati ya 450. Nusu ilipitwa kwa njia zote mbili, na makubaliano ya utambuzi yakatiwa sahihi bila kwenda mahakamani. Niliifuta safu ya shilingi 100, kwa kuwa hakuna hata mfanyakazi mmoja aliyeiidhinisha kwa maandishi, nikafungua ya ada ya chama.

Mwenyekiti wa kamati alipandishwa cheo kuwa msimamizi mwezi uliofuata, akahamia kwenye orodha ya wale 70, asihesabike tena upande wowote.