Sentensi ya Kihispania kwa Anayefikiri kwa Kiswahili

Wengi wetu hujifunza Kihispania kupitia Kiingereza, kwa kuwa ndivyo vilivyoandikwa vitabu vingi tunavyovipata, na kwa maoni yangu njia hiyo humchosha mwanafunzi bure. Sarufi ya Kiswahili ni msaada ulio karibu zaidi.

Mpangilio wa kawaida ni kiima, kitenzi, kisha yambwa: «María lee un libro», María anasoma kitabu. Kiwakilishi cha nafsi huachwa mara nyingi, kwa sababu kitenzi chenyewe humtaja mtenda, ila sisi humtaja mwanzoni mwa kitenzi na Wahispania humtaja mwishoni. Kutokana na «hablar», yaani kusema, tunapata «hablo» (ninasema), «hablas» (unasema) na «hablamos» (tunasema). Anayesema «yo hablo» anatia mkazo, kama anayesema «mimi ninasema». Kukanusha ni rahisi: «no» hutangulia kitenzi, «no hablo».

Nomino zina jinsi mbili tu, ya kiume na ya kike, na kivumishi kwa kawaida huifuata nomino na kupatana nayo: «el libro rojo» (kitabu chekundu), «los libros rojos» (vitabu vyekundu), «la casa blanca» (nyumba nyeupe), «las casas blancas» (nyumba nyeupe, kwa wingi). Aliyekulia katika ngeli hatashangazwa na upatanisho huu. Nomino nyingi zinazoishia kwa -o ni za kiume na nyingi za -a ni za kike, lakini kwa kuwa «la mano» (mkono) na «el día» (siku) zinakiuka kanuni hiyo, ninashauri kila nomino ikaririwe pamoja na «el» (ya kiume) au «la» (ya kike) inayoitangulia.

Linalonivutia kuliko yote ni yambwa. Katika «te veo», ninakuona, «te» hutangulia kitenzi kama vile -ku- inavyoutangulia mzizi -ona. Tena Kihispania hutenga mtu na kitu: husemwa «veo la casa», lakini «veo a María», na hiyo «a» huwasumbua wanafunzi wengi. Sisi nasi husema «ninaona nyumba», ila «ninamwona María», na sikio letu halikubali -m- hiyo iachwe. Kanuni hizi mbili hazilingani kila mahali, hasa kwa wanyama, lakini hisia iliyo nyuma yake ni moja.

Panapohitaji uangalifu ni kati ya «ser» (umbo lake hapa ni «es») na «estar» («está»), vitenzi viwili ambavyo vyote humaanisha kuwa. «Ana es profesora», Ana ni mwalimu. «Ana está en casa», Ana yuko nyumbani. «Ana está cansada», Ana amechoka. Kwa kiasi kikubwa, penye «ni» huja «ser», na penye «yuko» au hali ya -me- huja «estar». Mahali pa tukio, hata hivyo, hutajwa kwa «ser»: «la fiesta es en mi casa», ingawa kwa Kiswahili tungeweza kusema sherehe iko nyumbani kwangu.