Siku moja maishani mwangu: nahodha wa mashua, Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, Kisumu

Saa 10:40 alfajiri. Kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso, nasimama uani nikiwa nimeipa mgongo milima ya Nandi. Upepo ukinipuliza kisogoni, najua asubuhi ziwa litakuwa wazi. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, basi ile hewa ya baridi huteremka kuelekea ziwani. Mchana mambo hupinduka, upepo ukatoka ziwani kuja Kisumu. Babu zetu waliondoka na wa alfajiri na kurudi na wa mchana, tanga likifanya kazi yote. Mimi nina injini, lakini bado nausikiliza upepo, kwa sababu gugu maji, mmea unaoelea ziwani, halina habari na injini ya mtu. Linakwenda linakopelekwa.

Saa 12:00. Ufuo umeshaamka. Mashua za omena, dagaa wetu wa ziwani, zinaingia, vijana macho mekundu kwa kukesha na taa. Nawasalimu wazee, "Oyaore, jaduong'," naitikiwa. Mke wangu yuko kwenye vichanja vyake tayari. Zamani akina mama wengi hapa walianika omena juu ya nyavu kuukuu, chini mchangani, na mvua moja ya jioni ilitosha kuharibu jasho la wiki. Tangu ainue vichanja hadi usawa wa kiuno, hewa inapita juu na chini, samaki wanakauka mapema, na mawingu yakitanda turubai linafunikwa kwa dakika chache. Napenda kumtazama akifanya kazi hii. Hakusubiri mtu aje kumfundisha.

Saa 1:30. Wageni wangu wa leo ni mama na watoto wawili kutoka Eldoret. Jaketi za kuokoa maisha kwanza, stori baadaye. Hapo sina mjadala na mtu yeyote. Tunaambaa ukingo wa mafunjo, mengine marefu kuliko watu wawili waliobebana. Shina la funjo limejaa vijitundu vya hewa, ndiyo maana vipande vizima vya kinamasi hukatika na kuelea kama visiwa, vikibeba ndege na viota vyao. Kwenye majani ya yungiyungi anatembea yule ndege mwekundu wa udongo mwenye vidole virefu ajabu. Vidole hivyo hugawa uzito wake, jani halizami. Baba ndiye anayelalia mayai, na hatari ikija huwabana vifaranga chini ya mabawa na kuondoka nao, miguu yao ikining'inia. Kitinda mimba wa yule mama alicheka mpaka nikamshika jaketi asije akatumbukia.

Ndege mnandi kwenye kigingi cha wavuvi amefungua mabawa kama mtu anayeanika shuka. Manyoya yake hulowa, tofauti na ya bata, na kulowa huko ndiko humwezesha kuzama na kufukuza samaki. Akitoka lazima ajianike. Kila faida ziwani ina bei yake.

Saa 2:45. Tumemkuta mzee mmoja akivuta kamba yake ya ndoana. Nimezima injini. Kwenye ndoana ya nne au ya tano kumekucha: kamongo, mrefu kama mguu wangu, mwili kama wa nyoka mnene. Mzee anamshika kwa tahadhari, maana taya hizo hupasua konokono na ganda lake, kidole si kitu kwake.

"Mjomba, mbona hafi nje ya maji?" kauliza mtoto mkubwa.

Swali hili naweza kulijibu siku nzima. Kamongo ana mashavu kama samaki wengine, lakini ana mapafu pia, na akishakuwa mkubwa sehemu kubwa kabisa ya hewa yake huipata kwa kupanda juu na kuvuta pumzi kama wewe na mimi. Ukimzuia asifike juu, anakufa maji! Jamaa zake wa Afrika Magharibi, mto ukikauka, huchimba tope, hujiviringisha, hujifunika ute unaokauka kama gamba, wakangoja mvua kwa miezi. Wetu hana haja kubwa ya hayo kwa kuwa Ziwa Victoria halimkaukii. Faida ya mapafu yake ni nyingine, nami niliiona kwa macho yangu.

Ilikuwa 1998. Gugu maji lilikuwa limeshakaa humu miaka kadhaa, mmea wa Amerika Kusini wenye maua mazuri ya zambarau, na mwaka huo lilijaa kuliko nilivyowahi kuona. Mimi na baba tulikuwa tunarudi na upepo wa mchana. Upepo huohuo ulikuwa ukilisukuma gugu nyuma yetu na ubavuni, na kabla ya saa kumi lilikuwa limetufunga pande zote. Nikaanza kulipiga kasia kwa hasira. Baba akanishika mkono. "Liache. Nalo linangoja upepo, kama sisi." Tukalala ndani ya mashua, mbu wakitutafuna, bila chakula, tukiyaona mataa ya mji. Kabla ya mapambazuko upepo wa nchi kavu ukaanza, zulia lile likapasuka taratibu, ukatokea mfereji mwembamba. Tukapita.

Lakini sijamaliza. Chini ya zulia hilo mwanga haufiki, majani yanaoza, na hewa ndani ya maji inaisha. Mbuta, yaani sangara, hawezi kuishi hapo. Kamongo na mumi, yaani kambare, wanaweza, kwa sababu hawategemei maji peke yake kwa pumzi zao. Wavuvi wakaanza kuwapata kwa wingi huku mbuta wakipungua. Baba aliziweka kando nyavu alizozipenda, akanunua ndoana. Majirani walimwona amekata tamaa. Wadudu aina ya fukusi walikuwa wameletwa mwaka 1997 kulila gugu, na kweli lilikuja kupungua sana, ingawa mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi na hadi leo linarudi na kuondoka. Katika miaka ile mibaya, karo yangu ililipwa na kamongo.

Saa 4:00. Viboko, sita, masikio tu na pua. Sisogei karibu. Ngozi ya kiboko hupoteza maji haraka juani, ndiyo maana hushinda ziwani, na hutoa majimaji mekundu yanayomkinga na jua na vijidudu. Usiku hutoka kula majani. Kanuni ninayowapa watoto wote wa hapa: usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Nimezika rafiki kwa sababu hiyo, na sitaki kuizungumzia kwa urefu.

Saa 7:00. Ngege wa kukaanga, ugali, sukuma. Jua ni kali, hata mbwa wamehamia chini ya mashua.

Saa 8:30. Upepo umegeuka, nausikia sasa usoni. Nimekataa safari ya vijana waliotaka kwenda mbali kupiga picha. Wamenuna, na pesa hiyo niliihitaji, lakini gugu nililiona asubuhi likielea upande wa magharibi na najua saa hizi linaelekea wapi. Badala yake nimetumia mchana kuinua tena rafu za kibanda changu cha vifaa. Mei 2020 maji ya ziwa yalipita kidogo rekodi ya 1964, na hapa Dunga yaliingia mpaka tulikokuwa tukipika. Mwaka 2024 yakapanda tena. Siku hizi kila kitu changu cha thamani kinakaa juu ya usawa wa mabega yangu: injini, jaketi, betri. Sakafu nimeiachia ziwa.

Saa 10:20. Radi upande wa Kano, kisha mvua ya mawe madogo. Turubai la mke wangu lilikuwa limeshafungwa.

Saa 1:00 usiku. Yule mzee wa ndoana amepita nyumbani. Mteja wake wa mjini hakuja, na hana pa kumweka kamongo hadi asubuhi. "Nilazie huyu usiku wa leo, mwanangu," kaniambia. Nimemweka kwenye beseni jikoni, maji kidogo tu, juu nikafunika ungo na jiwe.

Saa 4:00 usiku. Taa zimezimwa. Nje, karibu na mafunjo, kiboko anang'oa majani, nasikia kila tonge. Ndani kumetulia. Kila baada ya dakika chache beseni linatoa mlio mdogo, kama mtu anayefungua mdomo usingizini: kamongo amepanda juu, amevuta pumzi, ameshuka tena. Binti yangu ameuliza kutoka chumbani, "Baba, bado yuko hai?"

"Bado, mama. Sikiliza."