Simulesheni ni nzuri ila msiwamwagie watoto kila kitu

Walimu wa fizikia leo ni zamu yenu. Hizi simulesheni za PhET, yaani majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, nazikubali sana, zile za Chuo Kikuu cha Colorado alizoanzisha Carl Wieman 2002, mwaka mmoja tu baada ya kuchukua Nobel, ni za bure alafu unashusha unaweka kwenye flashi hata bando huhitaji. Tatizo ni namna tunavyozitumia. Unafungua ile ya saketi, unawaambia fom two "haya fanyeni", kwenye skrini kuna betri, balbu, swichi, voltimita, amita, elektroni zinatembea, na mezani umewawekea karatasi ya maelekezo mpaka nyuma. Mtoto anasoma mstari mmoja, anarudi kwenye skrini, kashasahau. Si muda mrefu mmoja anagundua waya ukiunganisha betri moja kwa moja moto unawaka, basi kipindi kimeishia hapo 😂

Sio utundu. Kichwa kinashika vitu vipya vichache sana kwa mara moja, John Sweller, mwanasaikolojia wa elimu wa Australia, alishaliandikia hili tangu 1988, sasa nguvu yote ikiishia kutafuta pa kubonyeza, ya kuuelewa mkondo wa umeme itoke wapi?

Mimi naanza na ile skrini ya utangulizi, sio ya maabara, na saketi nakuwa nimeshaiunga mwenyewe: betri ya volti 9, balbu yenye ukinzani wa omu 10, amita ya kupima mkondo, basi. Maelekezo nayasema kwa mdomo, tena kwa Kiswahili, ili macho yabaki sehemu moja. Elektroni nazificha kwanza maana zinakwenda kinyume na mishale ya mkondo tunayochora ubaoni, ukionyesha vyote pamoja umewavuruga bure. Amita inasoma ampea 0.90. Nauliza, nikiweka balbu nyingine kama hiyo siries, yaani zifuatane kwenye njia moja, itasoma ngapi? Hapo nawaacha wabishane kabisa, kila mtu aandike jibu lake, ndo naongeza balbu na inashuka 0.45, na hapo V=IR (volti ni mkondo mara ukinzani) wanaitafuta wenyewe bila kusukumwa.

Ila kuna wale wameshaelewa mapema, hao usiwashike mkono, maelekezo yako kwao ni kelele tu. Wape skrini ya maabara na swali moja gumu, mfano waunge balbu tatu, ukichomoa moja mbili zibaki zinawaka, uendelee na wengine.