Mbwa anayekula mavi: weka fimbo chini, shika beleshi

Hili swali naulizwa sana na majirani na ndugu zangu wanaofuga, mbwa wangu anakula mavi nifanyeje, na karibu wote wanapokuja kuuliza wameshampiga kwanza. Wengine wamemkaba shingo wakamsugua pua kwenye kinyesi eti akome. Jamani, hakomi. Mbwa pale anachoelewa ni kwamba wewe ukitokea karibu na mavi kuna kipigo, kwahiyo siku nyingine akikuona unakuja anameza haraka kabla hujafika, au anaenda kujisaidia nyuma ya tenki la maji usikomuona na anamalizia hukohuko. Na wapo wanaofika mbali zaidi, wanamfukuza au wanamtegea sumu kwa sababu ya hii tabia, hilo linaniuma sana maana ni tabia inayozuilika kabisa bila kumgusa hata ukucha.

Mimi nina jike moja, Popi, koko aliyechanganya na Jamani shepadi, tunaishi Kimara. Naye alikuwa anakula, na kilichotusaidia sisi ni kuwahi tu kuyazoa kabla hajayafikia. Ngoja nieleze kwanini.

Kwanza kuna wakati kula kinyesi ni sahihi kabisa. Mbwa aliyezaa anawalamba watoto wake ili wajisaidie na anakula kile kinyesi, kama wiki 3 za mwanzo hivi, usimsumbue, anatunza usafi wa pale wanapolala. Watoto wa mbwa nao wanaonja kila kitu, kiatu, jiwe, mavi, na wengi wanaacha wakikua. Shida ni huyu mkubwa aliyeshazoea. Mwaka 2018 Benjamin Hart wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzake walitoa utafiti wa hili jambo, waliwahoji wafugaji wengi sana, wakakuta asilimia 16 ya mbwa ni walaji wa mara kwa mara, yaani wameonekana wakila mara 6 au zaidi. Halafu wakaona kitu ambacho mimi nadhani ndo ufunguo wa mambo yote: karibu siku zote wanakula mavi mabichi, yasiyozidi siku 2. Wanadhani imetoka kwa mbwa mwitu wa zamani, kwamba mayai ya minyoo kwenye kinyesi yanahitaji siku kadhaa mpaka yaweze kuambukiza, sasa mgonjwa akichafua karibu na pango wakayala yakiwa mabichi wanaliondoa tatizo kabla halijaiva. Kwahiyo mbwa wako hana laana wala hakufanyii jeuri. Na zile dawa za kunyunyizia au kuchanganya kwenye chakula ili mavi yawe machungu, kwenye utafiti huohuo zilifanya kazi kwa asilimia 0 mpaka 2 tu. Kwahiyo mtu akikuuzia kopo kwa bei ya mfuko mzima wa chakula muulize vizuri. Habari za kumlisha nanasi au kupaka mavi pilipili ili asiyapende ndo hizohizo, utapaka lundo moja yeye atakula jingine.

Sasa kama anataka mabichi, kazi yako ni kuhakikisha mabichi hayakai chini. Ili uwahi lazima ujue saa, na saa unaipanga wewe mwenyewe kwa chakula. Mbwa anayelishwa muda uleule, asubuhi na jioni, na sahani inaondolewa akimaliza, anajisaidia muda unaokaribiana kila siku, wengi muda mfupi baada ya kula. Popi akimaliza kula anakunywa maji, anaenda upande wa mpapai, ananusa chini weee, anazunguka mara mbili tatu halafu anakunja mgongo. Mimi nimesimama hatua chache kutoka kwake, beleshi mkono mmoja, dagaa wakavu mfukoni, na sisemi kitu mpaka amalize kabisa, ukimuita katikati unamkatisha. Akinyanyuka tu kabla hajageuza kichwa kunusa namuita, Popi njoo, kwa sauti ya furaha, akifika anapata dagaa palepale, na wakati anatafuna mimi nazoa, naenda kumwaga kwenye shimo nafukia. Kila siku hivyo hivyo, na mimi nikisafiri dada wa nyumbani anajua utaratibu. Mwanzoni nilikuwa namfunga kamba ndefu ili asiniwahi. Siku hizi akimaliza anageuka mwenyewe ananikimbilia, hata hayaangalii.

Nje ya geti ndo kugumu zaidi. Mtaani kwetu kuna pampasi za watoto zimetupwa pembeni ya barabara, kuna malundo ya mchanga wa ujenzi ambayo paka wote wamefanya choo, kuna banda la kuku la mama jirani. Pampasi ziogope kuliko vyote, ule unga unaovuta maji unaweza kuvimba tumboni ukaziba utumbo, hapo ni upasuaji au unampoteza. Nje mbwa awe kwenye kamba, na afundishwe neno "acha" ndani ya nyumba kwanza kabla hujalihitaji barabarani. Shika dagaa kwenye ngumi, mwachie anuse, alambe, akwaruze, wewe kimya, akichoka akarudisha pua nyuma hata kidogo sema acha halafu mpe dagaa mwingine kutoka mkono wa pili, tena mtamu zaidi, kipande cha ini kama kipo. Asimpate kamwe yule wa kwenye ngumi. Ukirudia mpaka akawa anageuza uso mwenyewe ukisema acha, weka chini sakafuni ufunike kwa kiganja, halafu bila kufunika, halafu ndo utoke nje. Ukirukia nje moja kwa moja unapoteza muda.

Chakula nacho tuseme ukweli. Mbwa wengi huku kwetu wanakula ugali mtupu na maji ya dagaa, mara moja kwa siku, halafu tunashangaa anatafuta mtaani. Ukiona kinyesi kina mahindi mengi yametoka kama yalivyoingia ujue hata hicho kidogo hakimfikii. Mwongezee protini, dagaa wenyewe, utumbo uliochemshwa, vichwa vya samaki vilivyoondolewa miiba, na umgawie mara mbili. Makombo yenye vitunguu usimpe, vitunguu ni sumu kwa mbwa.

Na minyoo, tafadhali. Mtoto wa mbwa anaanza dawa akiwa na wiki 2, kila baada ya wiki 2 mpaka afikishe kama miezi 3, mkubwa kila miezi 3, hasa kama ni mla mavi. Kipimo apange daktari wa mifugo kulingana na uzito, usikisie dukani. Halafu kama mbwa mzima ambaye hakuwa na hii tabia ameanza ghafla, usikimbilie kumfundisha, mpeleke apimwe. Anakula sana na bado anakonda, choo chake kingi, laini, kina mafutamafuta na harufu kali, hiyo inaweza kuwa kongosho halitoi vimeng'enya vya kusagia chakula, kwahiyo anashinda na njaa na sahani imejaa. Anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa ovyo, inaweza kuwa sukari. Kama yuko kwenye dawa za steroidi, zenyewe zinaleta njaa, mwambie daktari.

Kinyesi chake mwenyewe mara nyingi hakimdhuru sana. Cha mbwa wengine ndo hatari, minyoo na parvo, ule ugonjwa wa kirusi unaomharisha mbwa damu, vinapitia huko, na kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo miezi na miezi, sabuni ya kawaida hakiogopi, sakafu unaiosha na kuondoa uchafu wote kisha unatumia jiki iliyochanganywa na maji. Chanjo ya parvo asikose. Watoto wasilambwe usoni, wanawe mikono wakimshika, maana mayai ya minyoo ya mbwa yakiingia kwa mtoto yanaweza kufika mpaka kwenye jicho.

Kama leo ameshakula huko nje na hukuwahi, mpe maji anywe, mpe chakula chake kama kawaida, na siku zinazofuata, mpaka kama wiki 2, mwangalie. Akigoma kula, akatapika, akaharisha damu, hasa akiwa mdogo au hana chanjo, mpeleke siku hiyohiyo hata kama ni usiku.